Herufi g ya zlib1g

Kwenye kompyuta yenye Debian 13, fungua dirisha la amri, andika dpkg -L zlib1g, kisha bonyeza Enter. Orodha inayotoka ni fupi: folda kadhaa, hati ya haki miliki, kumbukumbu za mabadiliko, na vitu viwili tu vyenye uzito. Cha kwanza ni faili iitwayo libz.so.1.3.1, yenye kilobaiti kama 120, ndogo kuliko picha nyingi tunazotumiana kwenye simu. Cha pili ni kielekezi kiitwacho libz.so.1, ambacho ndani hakina chochote isipokuwa jina la yule wa kwanza.

Faili hiyo ndogo ni zlib, maktaba ya kubana na kukunjua data iliyoandikwa na Jean-loup Gailly na Mark Adler na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1995. Programu zinazofungua picha za PNG huitegemea. Git huitegemea, ssh huitegemea, na hata dpkg, programu iliyokuletea orodha ile, nayo huitegemea. Zote zinachota kwenye faili moja. Ila leo nimekuja kuwasifu zaidi walioifunga: watunza vifurushi wa Debian, distro iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Kazi yao ikienda sawa, hakuna anayejua kuwa ilifanyika. Nami nitawaingilia kwa swali dogo lililonikaa kichwani muda mrefu kabla sijalipatia jibu. Maktaba inaitwa zlib, nambari yake ni 1. Hiyo g ilitoka wapi?

Jibu linaanzia mbali kidogo. Programu inapojengwa, kuna njia mbili za kuipatia maktaba. Ya kwanza ni kuichomelea ndani. Kifurushi cha wajenzi, zlib1g-dev, kina faili iitwayo libz.a, ambayo ni kikapu cha vipande 15 vilivyokwisha kukompailiwa: adler32.o, crc32.o, deflate.o, inflate.o na wenzao. Kiunganishi huingiza mkono kikapuni na kutoa vile tu vinavyohitajika. Programu inayokunjua data bila kubana itachukua inflate.o na wasaidizi wake na kuiacha deflate.o ilale. Vilivyochukuliwa vinageuka nyama ya programu. Tangu hapo haviulizi wala haviulizwi. Hiyo ndiyo maktaba tuli.

Njia ya pili ni kuagana. Kiunganishi hakichukui kipande chochote. Kinafungua libz.so, kinasoma jina lililochapwa ndani yake, yaani libz.so.1, na kuliandika jina hilo ndani ya programu kama mtu anavyoandika ukutani namba ya simu ya fundi wa mtaa. Siku programu inapoendeshwa, kipakiaji husoma jina, humtafuta mwenye jina hilo na kumwita kazini. Programu 40 zikihitaji huduma yake kwa wakati mmoja, msimbo wake bado unakaa kwenye kumbukumbu mara moja tu. Hiyo ndiyo maktaba ya pamoja.

Litazame jina hilo tena: libz.so.1, tarakimu mbili za mwisho zimeachwa makusudi. Yeyote anayejibu kwa jina hilo anaahidi kwamba fanksheni zote zilizokuwepo jana zipo leo, zinapokea vitu vilevile kwa mpangilio uleule, na hazitamgeuka aliyezizoea. Ndani anaweza kufumua na kushona upya apendavyo. Ndiyo maana 1.3.1 inaweza kuondoka na nyingine kukaa mahali pake bila programu hata moja kushtuka. Ahadi ikivunjika, jina libadilike, iwe libz.so.2. Na kanuni za Debian zinaongeza: jina hilo likibadilika, jina la kifurushi nalo libadilike, ili cha zamani na kipya viweze kukaa nyumba moja bila kugombana, kama libssl1.1 na libssl3 zilivyoweza kuishi pamoja wakati wa kuhama. Ahadi ni deni, na hapa deni limeandikwa mlangoni.

Kulipa deni la namna hiyo miaka nenda miaka rudi kunataka akili iliyotangulia, na zlib ni mahali pazuri pa kuiona. Programu inayotaka kukunjua data huandaa kitu kinachofanana na fomu, kiitwacho z_stream: data inaanzia hapa, imebaki kiasi hiki, matokeo yawekwe pale. Kwenye kompyuta nyingi za Linux za biti 64, fomu hiyo ina baiti 112. Sasa tuseme mwandishi wa maktaba ameongeza kisanduku kimoja katikati ya fomu. Programu iliyojengwa mwaka jana haina habari. Inajaza fomu ya zamani, maktaba inasoma fomu mpya, na kila kisanduku kilicho chini ya kile kipya kinasomwa mahali pasipo pake. Hakuna kengele inayolia. Utakuta tu data imeharibika, au programu inaanguka Jumanne na kufanya kazi vizuri Jumatano.

Waandishi wa zlib waliliona hilo mapema. Mtu akiandika inflateInit kwenye msimbo wake, anachoita hasa ni fanksheni nyingine iliyo nyuma ya pazia, inflateInit_, yenye kimstari mwishoni mwa jina. Hiyo hupelekewa vitu viwili ambavyo yeye hakuviandika: nambari ya toleo alilojengea, na ukubwa wa fomu yake kwa baiti. Maktaba inalinganisha. Ukubwa ukipishana, au tarakimu ya kwanza ya toleo ikitofautiana, inakataa kazi kabla haijagusa data yako. Hivyo ndivyo alivyo fundi cherehani mzuri: vipimo vyako anavyo daftarini, na bado atakuzungushia futi kabla hajashika mkasi. Mwishoni mwa fomu kuna kisanduku kiitwacho reserved, kilichoachwa wazi kwa ajili ya siku za mbele, na hadi leo hakijapewa kazi. Naona uungwana katika kisanduku hicho kitupu.

Mtunza kifurushi, hata hivyo, ana mamia ya waandishi wa kushughulika nao, na si wote wenye subira ya hao wawili. Kwa hiyo huweka daftari. Ndani ya chanzo cha kifurushi, kwenye folda iitwayo debian, kunaweza kuwa na faili yenye kiishio .symbols. Kila mstari una jina la fanksheni moja ambayo maktaba inaionyesha nje, na mbele yake toleo ambalo fanksheni hiyo ilionekana mara ya kwanza. Maktaba inapojengwa upya, chombo kiitwacho dpkg-gensymbols husimama na daftari mkononi na kuita majina kama mwalimu wa zamu. Jina likikosekana, ujenzi unasimama hapohapo. Jina geni likitokea, mtunzaji anaonyeshwa tofauti ili aliandikishe.

Daftari hilo lina kazi ya pili, na hii ndiyo inayonifurahisha zaidi. Programu nyingine inapofungwa kifurushi, chombo kiitwacho dpkg-shlibdeps hutazama ni fanksheni zipi hasa inazoita, kisha hupekua daftari. Fanksheni adler32_z iliingia kwenye zlib toleo la 1.2.9. Programu inayoiita itaandikiwa sharti: lazima zlib isiwe ya kabla ya hapo. Programu jirani, isiyoiita, itaridhika na zlib ya zamani zaidi, na hakuna atakayeilazimisha kupanda. Sharti linatokana na kinachotumika kweli, wala hakuna binadamu aliyekaa kukisia. Kwa anayesasisha kompyuta kwa bando la kupimia, sharti lisilo la lazima ni megabaiti zisizo za lazima. Mtu fulani asiyemfahamu alishamwondolea gharama hiyo.

Mwezi Machi 2002 kazi hii ilipimwa hadharani. Iligundulika kwamba zlib, ikilishwa data iliyoharibiwa kwa namna fulani, huachilia kipande kilekile cha kumbukumbu mara mbili. Kosa lilijitokeza kupitia picha ya PNG iliyokuwa ikiangusha programu, lakini mwenye nia mbaya angeweza kulifanya mlango wa kuingilia. Tiba ilitoka kwenye zlib 1.1.4. Kwa programu zilizoagana na libz.so.1, mambo yalikuwa mepesi: badilisha faili moja, washa upya zinazoitumia, lala.

Kwa zilizochomelewa, shughuli ilikuwa pevu. Debian ililazimika kutoa upya vifurushi vingine kadhaa, vikiwemo rsync na ppp, vilivyokuwa na zlib yao tumboni. Hata kerneli ya Linux ilikuwa na nakala yake. Na hao ni wale waliojulikana. Kwa wasiojulikana, kulikuwa na msaada mmoja uliotoka kwa fundi mwenyewe. Ndani ya msimbo wa kukunjua, Mark Adler aliweka kifungu kifupi cha haki miliki chenye jina lake na nambari ya toleo, akawaomba wanaotumia maktaba yake wakiache kibaki ndani ya programu zao. Amri ya strings, inayochuja maneno yanayosomeka kutoka kwenye faili lolote la programu, inaweza kukidaka. Basi mtu anaweza kuzipitia programu moja baada ya nyingine akiziuliza: nawe umeimeza? Toleo gani? Saini iliyowekwa kwa ajili ya heshima ikageuka alama ya kumtambulia mgonjwa.

Miaka 20 baadaye, Machi 2022, zlib ilitoa toleo la 1.2.12 lenye marekebisho ya kosa jingine la kumbukumbu. Kiraka chake kilikuwa kimeandikwa tangu 2018 ila hakikuwa kimeingia kwenye toleo lolote. Kwa waliotegemea maktaba ya pamoja, hadithi ikawa ileile: faili moja. Ndiyo maana kanuni za Debian zinawataka watunzaji, pale mwandishi wa programu alipobeba nakala ya maktaba ya mtu mwingine, waepuke kuitumia nakala hiyo na waiunganishe programu na maktaba iliyopo tayari kwenye distro. Ni kazi ya kuchosha, na mara nyingine mwandishi hukasirika, maana nakala yake alikuwa ameipaka rangi kidogo.

Tusiidhulumu maktaba tuli. Ndani ya Debian hiyohiyo, ldconfig, programu inayopanga upya vielekezi vya maktaba za pamoja, imejengwa tuli. Anayetengeneza ngazi hawezi kuwa amesimama juu yake. Kuna pia kifurushi kiitwacho busybox-static, faili moja lenye amri nyingi ndani, linaloweza kufanya kazi hata maktaba zote za pamoja zikiwa zimevurugika. BusyBox yenyewe ilizaliwa Debian katikati ya miaka ya 1990, pale Bruce Perens alipotaka mfumo wa kuwashia na kuokoa kompyuta utoshe kwenye floppy moja. Aliyewahi kuharibu libc, maktaba mama ya C, akiwa ndani ya seva iliyo mji mwingine anajua thamani ya chombo kisichomtegemea mtu.

Kisha zikaja Go na Rust, lugha ambazo kwa kawaida huchomelea karibu kila kitu. Mjenzi anapata faili moja, analinakili kwenye seva, linafanya kazi, na raha hiyo siibezi. Kwa mtunza kifurushi, hata hivyo, ni mwaka 2002 kila siku: maktaba moja ya Go ikipata tundu, kila programu iliyoimeza lazima ijengwe upya. Maelezo ya toleo la Debian 12 yalisema wazi kwamba vifurushi vya namna hii vingepata huduma ya usalama yenye mipaka mpaka mitambo ya ujenzi iboreshwe. Walichofanya watunzaji ni kurudi kwenye tabia yao ya daftari: kifurushi hubeba mstari uitwao Static-Built-Using, unaotaja vyanzo vilivyochomelewa ndani na matoleo yake. Kama huwezi kuagana, basi angalau andika ulichokula.

Na kisima cha pamoja nacho kina hatari yake. Tarehe 29 Machi 2024, mhandisi wa programu Andres Freund alitangaza kwamba ndani ya matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, chombo kingine cha kubana data, kulikuwa kumefichwa mlango wa nyuma. Alianza kushuku kwa sababu kuingia kwa ssh kulichelewa kama nusu sekunde. Maktaba ya xz, liblzma, ilikuwa imefika kwenye seva ya ssh kwa njia ya kuzunguka, ikibebwa na maktaba nyingine ya pamoja. Matoleo hayo yalikuwa yameshaingia kwenye matawi ya majaribio ya Debian, ingawa hayakufika kwenye toleo thabiti. Maji yakitiwa sumu, mtaa mzima unayanywa. Na kisima kikisafishwa, mtaa mzima unapona siku hiyohiyo.

Sasa turudi kwenye herufi yetu. Hadi katikati ya miaka ya 1990, Linux ilitumia muundo wa faili za programu uitwao a.out, ambamo kila maktaba ya pamoja ilitengewa anwani yake ya kumbukumbu mapema, kama viwanja vilivyopimwa. Muundo wa ELF ukaondoa adha hiyo. Kisha ukaja uhamaji mkubwa zaidi: maktaba mama ya C, ambayo karibu kila programu inaiegemea, ilihama kutoka libc5 kwenda libc6, yaani glibc ya mradi wa GNU. Debian 2.0, iliyotoka Julai 1998, ndiyo iliyoivusha safari hiyo.

Hapo palikuwa na fumbo. zlib haikuwa imebadilisha neno. libz.so.1 ilikuwa bado libz.so.1. Lakini zlib iliyojengwa juu ya libc5 haikufaa kwa programu iliyojengwa juu ya libc6, kwa kuwa maktaba mbili mama haziwezi kukaa ndani ya programu moja kwa amani. Ahadi ilikuwa imevunjika bila mwandishi wake kuivunja. Jina la faili halikuwa la Debian kulibadilisha. Ulimwengu wote wa Linux ulilijua. Watunzaji wakabadilisha kilichokuwa mikononi mwao, jina la kifurushi. Palipokuwa na zlib1 pakazaliwa zlib1g: g ya glibc. Programu mpya zikaomba zlib1g, za zamani zikabaki na zlib1, na watu wakahama chumba kimoja kimoja, jiko likiendelea kuwaka.

Ukishajifunza kusoma g, unaanza kuona nyingine. TagLib, maktaba inayosoma majina ya nyimbo na wasanii kwenye faili za muziki, iliwahi kuitwa libtag1c2a: kiambishi cha mwaka 2005, kompaila ya C++ ilipobadilisha mambo yake ya ndani. Mwaka 2015 kompaila ya GCC 5 ikaleta badiliko jingine, ikawa libtag1v5. Mabadiliko yote hayo hayakuwa kosa la TagLib.

Uhamaji wa karibuni ndio ulionifanya nikae kitako na kuandika. Kompyuta za biti 32 zilizoea kuhesabu muda kwa sekunde tangu mwaka 1970 ndani ya kisanduku cha baiti nne, na kisanduku hicho kitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Dawa ni kukipanua kiwe cha baiti nane. Hilo ni lile tatizo letu la fomu ya z_stream, safari hii katika mamia ya maktaba kwa mpigo. Mwaka 2024 Debian ilibadilisha majina: libssl3 ikawa libssl3t64, libpng16-16 ikawa libpng16-16t64. Fungua libssl3t64 na ndani utakuta faili lilelile, libssl.so.3. Hata kwenye mashine za biti 64, ambako hakuna baiti iliyosogea, jina lilibadilishwa pia, ili mtunzaji aandike sharti moja linalofaa kila mahali. Programu nyingi zikajengwa upya bila mstari wa msimbo kuguswa, zikipachikwa +b1 mwishoni mwa nambari ya toleo kama muhuri wa mkaguzi. Kwa wiki kadhaa tawi la majaribio lilikuwa kama nyumba iliyovuliwa mabati.

Mmoja wa walioongoza kazi hiyo alikuwa Steve Langasek. Alifariki mwanzoni mwa Januari 2025. Debian 13, toleo thabiti la kwanza lenye majina hayo, lilitoka tarehe 9 Agosti mwaka huohuo. Mamilioni ya watu wataivuka Januari 2038 bila kulijua jina lake wala herufi zake.

Viambishi hivi havidumu. Huondoka pale maktaba inapobadilisha tabia yake kihalali na kupata nambari mpya: TagLib ilipofika toleo la 2, kifurushi kikawa libtag2, kisafi, bila v5. Vivyo hivyo t64 zitakwenda moja moja. zlib1g imezishuhudia zote zikija, na uhamaji wa 2024 haukuligusa jina lake. Leo hakuna tena libc5 ya kutofautishwa nayo, na bado g ipo. Ipo kwa sababu siku ya kuifuta haijafika: siku hiyo ni ile ambayo libz.so.1 itavunja ahadi yake na kuwa libz.so.2, nayo tangu miaka ya 1990 haijavunja.